Kabla Hujaichagua Ile ya Mbao

Faida mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na ukiwa mlangoni umeniuliza tena: "Mama, nichukue ipi? Mkuu wangu anataka jibu kesho nikifika." Nikasema ngoja nifikiri. Si kweli. Sihitaji kufikiri. Jibu ninalo tangu ulipokuwa na miaka minane, ila siwezi kukupa jibu peke yake, kwa sababu limeshikana na jambo nililokuficha miaka kumi na tano. Umesema utarudi saa mbili usiku. Sasa ni saa kumi na moja na nusu, na tayari nimechana karatasi mbili.

Soma polepole. Najua Kiswahili chako ni cha kusikia zaidi. Mimi nakusemesha, wewe unanijibu kwa Kizulu na Kiingereza, na tumezoeana hivyo. Lakini jambo hili lilinipata kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nitaliharibu. Neno likikushinda, lisome kwa sauti. Sikio lako litalijua.

Mambo ya sweta, dawa za malaria na kunipigia ukifika nimekusumbua nayo wiki nzima. Humu hayamo.

Juzi uliponionyesha picha za zile bunduki mbili kwenye simu, uliikuza ile fupi kwa vidole viwili. Ile nyeusi ndefu hukuijali. Ukasema, "Ona, Mama, hii ni kama yako!" Ukacheka. Ni kweli ni kama yangu: kitako cha mbao ya kahawia, chuma cha kawaida, hakuna madoido, unaweza kudhani ni ya mwindaji wa zamani. Uliona rangi ya uso wangu ikibadilika ukadhani nakuogopea kwenda kulinda wanyama, vifaru hasa, porini Limpopo. Nakuogopea, ndiyo. Lakini si hilo lililonishika siku ile.

Umeijua bunduki yangu kwa ile picha uliyoikuta kwenye sanduku la vitambaa, niko mbele ya gari la kazi nimeishika kifuani, kofia kichwani, nacheka. Uliwahi kuipeleka shuleni ukawaambia wenzako mama yako aliwahi kufukuza majambazi Diepsloot. Mwalimu akakupigia makofi. Ulirudi nyumbani umejaa furaha ukanisimulia, na mimi nikaendelea kukunja nguo.

Sasa nikuambie ilivyokuwa.

Kampuni niliyofanyia kazi ilikuwa ndogo, walinzi sita tu, ofisi kusini mwa jiji, huku huku karibu na La Rochelle. Tulisindikiza gari la muuzaji wa jumla lililopeleka unga, mafuta na sabuni kwenye spaza, vile viduka vya mitaani, za Soweto na Diepsloot. Mimi nilikaa mbele na Deo, Mrundi wa Bujumbura, ambaye ndiye aliyekuwa dereva. Mwenye kampuni alikuwa mzee Kobus, mtu wa maneno machache, mwenye kikohozi. Siku moja gari letu jingine lilisimamishwa kwenye robot, taa za barabarani, na watu wenye bunduki kubwa, na walinzi wetu wenye bastola wakalala chini wakanyang'anywa kila kitu. Baada ya hapo mzee Kobus akasema tunanunua bunduki mbili, na anayeibeba ndiye atakayeichagua. Akatuchukua mimi na Deo hadi kwenye duka la silaha.

Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwa mnyororo shingoni. Akatuwekea bunduki mezani juu ya kitambaa cha kijani. Ya kwanza ilikuwa nyeusi yote, plastiki na chuma, ndefu. Nilipoiweka begani ilibidi niegemee nyuma kama mtu anayebeba ndoo tumboni. Deo akacheka: "Mikono yako haitoshi, Mama Faida." Ya pili ndiyo ile fupi ya mbao. Niliinyanyua kwa mkono mmoja. Ikakaa begani pasipo mimi kuitafutia mahali. Nilijaribu kuigeuza kama ninayeshuka garini, na haikugonga kitu.

"Hii wakulima wanaipenda," yule mama alisema. "Haitishi watu." Halafu akavaa miwani akanitazama. "Lakini usije ukadhani ni ya zamani kwa sababu ya mbao. Ndani ni sawa na ile nyeusi. Ukivuta triga inatoa risasi, inajikoki yenyewe, inakungoja. Ukivuta tena, inatoa tena."

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeshaichagua.

Niliichagua kwa ufupi wake na kwa wepesi wake, na hapo sikukosea. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka kumi na moja tulipokimbia vita kutoka Uvira. Kwenye kizuizi cha barabarani walimpigisha Papa magoti kwenye matope, na mimi nilisimama kando nimeshika mkono wa Mama, macho yangu yakiwa usawa wa bunduki zao. Nilizijua zile bunduki kama unavyojua sura za watu. Papa walimwachia akainuka, tukapita, hakuna aliyekufa siku ile, lakini tangu hapo nikiona kitu cheusi kirefu kimening'inia begani mwa mtu, huvuka barabara. Basi pale dukani, ile ya mbao ilipokaa begani, niliwaza: mimi si kama wale. Hii ni bunduki ya mtu mwema. Naandika hivi na naona aibu, lakini ndivyo nilivyowaza, kwa maneno hayo hayo.

Nikaibeba miezi saba. Kwa kuwa ilikuwa nyepesi sikuitua. Niliingia nayo madukani, nikanunua nayo mkate, nikazungumza na akina mama imening'inia ubavuni nikaisahau. Jumapili baada ya ibada nilikipaka kile kitako cha mbao mafuta kikang'aa. Baba yako, Mungu amrehemu, aliwahi kuniambia, "Unaishika kama unavyoshika mtoto." Nikadhani ananisifu.

Kwenye uwanja wa shabaha nilikuwa hodari kuliko wote. Mwalimu wetu alikuwa na neno moja alilolirudia hadi tukachoka: "Risasi moja, tazama. Risasi moja, tazama." Pale uwanjani nilitazama. Makopo hayakimbii.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, kama saa nne, Diepsloot, kwenye duka la Shabani. Shabani alikuwa mtu wa Tanga, mpole, na mkewe Mwanaidi ndiye aliyeshika duka hasa. Yeye Shabani alizunguka kutafuta bidhaa. Kila tulipofika Mwanaidi alinipa chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati na kuniuliza habari zako kwa jina. Siku ile sikuwa nimeinywa bado. Wapakuaji wetu wawili walikuwa wanashusha unga. Deo alikuwa kwenye usukani, injini inaunguruma. Njia pale ni nyembamba, mabati pande zote.

Wanaume wawili walitokea nyuma ya gari. Mmoja alikuwa na bastola. Hakusema kitu, alipiga tu, na kioo cha mbele kikapasuka upande wa Deo. Deo akainama. Mimi nilikuwa nimeshashuka na bunduki iko begani, sikumbuki kuinyanyua. Nilimwona yule mtu. Nilimwona vizuri: shati la bluu, midomo iliyokauka. Akaigeuza bastola kwangu, nikavuta.

Sikumpata. Lakini ile risasi ya kwanza, Faida, hata leo naweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote. Angeniua.

Yeye akageuka akakimbia, akapita kando ya ukuta wa duka, na mwenzake mbele yake. Walikuwa wanaondoka. Kazi yangu ilikuwa imekwisha. Na mimi nikamfuata kwa mtutu nikavuta tena, na tena. Mara mbili. Kati ya moja na nyingine hapakuwa na nafasi ya kuvuta pumzi. Bunduki haikunichelewesha. Kama ingekuwa ya kukoki kwa mkono kila risasi, mkono wangu ungelazimika kuondoka kwenye triga, na labda katika huo muda mdogo akili ingenirudia. Labda. Sina hakika, na sitaki kuilaumu mbao na chuma kwa jambo la kidole changu.

Mfuko mmoja wa unga ulikuwa umetoboka unamwagika taratibu. Kisha nikasikia sauti ya Mwanaidi kutoka ndani ya duka, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba aletewe maji: "Shabani. Nimeumia."

Kwenye bati la ukuta kulikuwa na matundu mawili, usawa wa kiuno changu.

Nilimkuta ameketi sakafuni kati ya makreti ya soda, mikono yote miwili juu ya paja, damu inapita kati ya vidole. Shabani alikuwa amepiga magoti kando yake, ameshika kichwa chake, anasema "Mke wangu, mke wangu." Nilivua skafu yangu nikamfunga. Aliniangalia usoni muda wote nikimfunga. Hakulia.

Nilipotoka nje kumwita Deo, nilimkuta ameinama chini. Aliokota maganda mawili ya risasi zangu akayatia mfukoni. Akaichukua bunduki mikononi mwangu, akatoa magazini, akaongeza risasi mbili kutoka kwenye akiba yetu, akanirudishia. Yote haya kwa haraka na utulivu.

"Ulipiga moja," akaniambia kwa sauti ya chini. "Sikiliza. Jambazi alipiga mara ngapi? Nani alihesabu? Zilizopita ukutani ni zake. Wewe ulipiga moja."

"Deo..."

"Una mtoto. Mimi nina watatu. Ulipiga moja."

Polisi walipofika nikasema nilipiga moja. Wakaandika. Nikatia sahihi.

Mwanaidi alipona, kama kupona ni kutokufa. Risasi ilipita kwenye paja ikagusa mfupa, na mguu ule haukukunjika sawasawa tena. Wiki iliyofuata mzee Kobus alituita wote mbele ya gari, akasema maneno mawili matatu kuhusu ujasiri, akanipa cheti kwenye fremu, na mtu akapiga picha. Ndiyo hiyo picha. Ukiitazama vizuri utaona mkono wangu wa kushoto haujaishika bunduki sawasawa. Sikutaka kuishika tena.

Nilinyamaza wiki kumi na moja. Nilikuwa nafanya kazi, napika, nakusuka nywele. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini sili. Nilimwambia baba yako peke yake, na yeye alisema lolote nitakaloamua atakuwa nami, kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi muda mrefu.

Kilichonivunja si woga wa polisi. Ni Shabani. Alikuja hapa nyumbani siku moja ya Jumamosi, amevaa kanzu safi na kofia, ameshika mfuko wenye doti ya kanga na haluwa. Wewe ndiye uliyemfungulia mlango. Akakataa kuketi. Akasema, "Dada, mke wangu hawezi kutembea mpaka huku, kanituma. Wale watu wangeingia ndani wangetumaliza. Mungu akulipe." Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Na mimi nikaipokea ile kanga, Faida. Nikasema asante. Wewe ulikula haluwa ukalamba vidole.

Jumatatu yake nikaomba ruhusa kazini nikapanda teksi hadi Diepsloot. Mwanaidi alikuwa ameketi mlangoni pa duka, mguu umenyooshwa juu ya kreti. Matundu kwenye bati walikuwa wameyaziba kwa kipande cha debe. Shabani alikuwa anapanga sabuni. Nilisimama, sikukubali kiti, nikasema yote: tatu, siyo moja, maganda, magazini, sahihi.

Shabani aliitupa sabuni chini. Alinijia karibu sana akanyanyua mkono, nikafumba macho, nikamsubiri anipige. Hakunipiga. Alisema, "Nilikushika mkono. Nilikuja kwako na kanga." Akaingia ndani, nikamsikia analia kwa sauti kubwa kama mtu aliyefiwa.

Mwanaidi alibaki pale pale mlangoni. Akaniita nisogee.

"Ile ya kwanza," aliuliza, "ulikuwa unamwona nani?"

"Nilimwona yule mtu."

"Na ya pili, na ya tatu?"

Nilitaka kusema nilimwona mgongo wake. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia wiki zote zile. Lakini alikuwa ananitazama vile vile kama siku nilipomfunga skafu, na ukweli ukanitoka: "Sikuwa namwona mtu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi nenda ukawaambie hivyo hivyo. Na usirudi hapa mpaka umeshawaambia."

Nikaenda kituoni siku hiyo hiyo. Sitakusimulia kesi yote, ilikuwa ndefu. Nilikiri. Hakimu alinipa kifungo cha nje na akaniondolea haki ya kushika silaha. Uliambiwa nimeacha kazi kwa sababu ya mgongo. Mgongo wangu haujawahi kuwa na tatizo. Nilianza kushona kwa sababu mashine ya marehemu shangazi yako ilikuwepo, na nashona mpaka leo.

Deo naye alifukuzwa kazi na kushtakiwa, na hilo nililijua kabla sijaenda. Nilimpigia simu asubuhi ya Jumatatu ile, kabla ya kupanda teksi, nikamwambia ninakwenda kusema. Akasema, "Mimi nilifanya vile kwa ajili yako." Hakuongea nami tena. Aliondoka na familia yake, nasikia wako Durban. Kama unatafuta mtu niliyemkosea ambaye sijaweza kumrudia, ni yeye. Alikuwa na risasi ya jambazi inchi chache kutoka kichwani mwake, na jambo la kwanza alilowaza ni mwanangu. Alilofanya lilikuwa baya, na lilikuwa la upendo, na mpaka leo sijui nilipangeje moyoni.

Mwanaidi nilimrudia. Miezi ilipita kabla hajaniruhusu kuketi. Hakuwahi kusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Siku walipofunga duka kurudi Tanga nilimsaidia kufunga mizigo, akanikabidhi sufuria lililokuwa limebaki, akasema, "Hili pika nalo." Basi.

Sasa swali lako.

Chukua ile fupi. Mikono yako ni kama yangu, na bunduki isiyokutosha itakufanya utafute mahali pa kuiweka wakati unapotakiwa kuangalia. Lakini usimjibu mkuu wako hapo hapo. Mwombe uzibebe zote mbili kutwa nzima, ukiwa na maji yako na koti lako, na uamue jioni umechoka, kwa maana asubuhi kila kitu ni chepesi. Ishike na glovu. Jua kitufe cha usalama kiko wapi bila kukitazama. Uliza inapiga mbali kiasi gani na inapita katika nini, kwa sababu huko pia kuna watu nyuma ya vitu: kuna wachungaji, kuna akina mama wanaookota kuni, kuna wenzako. Na itue chini kila unapopata nafasi, hata kama haikulemei.

Na ile sura yake, usiipende. Nilikuona ulivyoikuza ile picha. Nilikuwa hivyo hivyo kwenye kitambaa cha kijani. Nikikutazama juzi nilitamani kukunyang'anya simu, na nilitamani pia kukuambia usiende kabisa. Lakini wewe umefuzu mafunzo yako yote kwa haki yako, na wale vifaru huwezi kuwalinda kwa cherehani.

Siku moja unaweza kuvuta mara moja kwa haki na mara ya pili kwa hofu. Naomba isikupate. Ikikupata, atakuwepo mtu mwema karibu yako atakayeinama kuokota maganda. Mwambie ayaache pale yalipo. Mwambie mapema, kabla hajayatia mfukoni, ili usije ukampoteza na yeye.

Nilitaka kuitia barua hii ndani ya mkoba wako, uisome kesho basi likishatoka mjini, mimi nikiwa mbali na macho yako. Nimekwisha kuikunja hivyo mara moja. Nimeikunjua. Nitaiweka juu ya mto wako, uione ukiingia, na mimi nitakuwa jikoni. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukitaka kuniuliza, nitakujibu kila kitu, hata yale ambayo mkono umeshindwa kuyaandika. Ukitaka kulala bila kunisemesha, nitakuelewa, na kesho alfajiri nitakubebea begi mpaka kituoni hivyo hivyo.

Nasikia geti. Umewahi.

Mama yako